Kabla hujapaka rangi Landrover ya mzee, ingia uvunguni kwanza

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Mi ni mwalimu mstaafu, nipo Morogoro, na tangu nistaafu nina ugonjwa mmoja: Landrover 109, Series III, niliyoinunua ikiwa imelala chini ya mwembe. Mama watoto anaiita mke mwenza. Najua wengi wenu mna baba au babu wenye mawazo kama yangu, kwa hiyo someni halafu mkawaeleze, kiinua mgongo chao kisije kikaliwa kama changu kilivyonusurika.

Kosa langu: nilianza na rangi. Bodi ilikuwa nzima, haina kutu kabisa, nikasema hii gari bado mpya. Nikamlipa mpaka rangi laki nane, ikatoka kijani inang'aa, watoto wa mtaani wakawa wanajitazama humo kama kwenye kioo. Ndipo nikamwita fundi mmoja mzee aje acheki breki. Yule mzee hata rangi hakuitazama. Akalala chini, akachomeka bisibisi kwenye chesisi kule nyuma, ikazama mpaka kwenye mpini. Akatoka, akajipangusa vumbi, akaniuliza, "Mwalimu, humu ulitaka kumpakia nani?"

Jumamosi yake nilikuwa nimepanga kuwapeleka wajukuu Mgeta, na ile milima mnaijua. Jamani, nilikosa la kusema.

Sasa kwa nini bodi nzima na chesisi imeoza? Landrover ilianza kuuzwa mwaka 1948 huko Uingereza, baada ya Vita vya Pili. Chuma kilikuwa cha mgao, aluminiamu ikapatikana kwa urahisi zaidi, basi sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Lakini chesisi ni chuma, tena imeundwa kama boksi lenye uwazi ndani. Matope na maji yanaingia kwenye vitundu, yanakaa humo, kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Ukiiona kwa nje, ujue ndani kumeshakwisha. Ile boriti ya nyuma kabisa ndiyo mara nyingi inatangulia kuoza, pamoja na mikono ya pembeni inayobeba bodi.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito kama unagonga gunia. Ukitilia shaka, chokoa na bisibisi. Usimwonee haya muuzaji, kama anakataa usigonge, aga uende.

Baada ya somo lile tukaanza upya, kwa mpangilio wa yule mzee:

1. Chesisi. Sehemu iliyooza inakatwa yote mpaka ufike kwenye chuma kizima, halafu inachomelewa pleti isiyopungua milimita 2. Kiraka juu ya kutu ni kazi bure, na puti kwenye chesisi ni kujidanganya mwenyewe. Kabla ya kuchomelea, toa betri na ushushe tenki la mafuta. Hapo hakuna mjadala.

2. Breki. Nyingi za zamani zina laini moja ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote. Ikivuja sehemu moja, huna breki hata moja. Mipira yote badilisha, hata kama kwa macho ni mizima.

3. Waya za umeme. Zilizokauka na kupasuka zinaweza kuunguza gari zima.

4. Injini. Yangu ni ya petroli, silinda nne, sisi 2286, haina kompyuta wala sensa. Plagi, platinamu, kabureta, unaanzia hapo.

5. Rangi. Mwisho kabisa!

Imenichukua miaka miwili, kidogo kidogo, kila mwezi nanunua kitu kimoja. Tumekubaliana na mama watoto kwamba hela ya shamba na ya dawa haiguswi. Mgeta tumeshakwenda, wajukuu wameimba njia nzima.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Oktoba 2024 Arusha kulikuwa na tamasha kubwa la Landrover, watu wakafurahi sana, mi nikawa najiuliza ni nani atazitengeneza miaka ishirini ijayo. Haya yote yule mzee anayo kichwani, hajaandika popote, na gereji kwake hana kijana hata mmoja anayejifunza. Nimeanza kuandika anachoniambia kwenye daftari la shule.

Kwa hiyo wewe uliyekaa hapo kafe, dakika zako zikibaki, mtafutie mzee wako kitabu cha matengenezo cha gari lake, mchapishie kurasa za breki tu. Halafu siku akiingia uvunguni, ingia naye, umshikie tochi.

Na mwenye kujua wapi napata mpira wa mlango wa Series III ambao si feki, tafadhali aseme. Mvua zinakuja.