Nyutro umeitoa wapi?



Giza likiingia, kila mwenye nyumba hutamani taa ya nje. Mwanga wa barazani humfukuza kibaka na humwonyesha mgeni ngazi. Basi mwenye nyumba humwita kijana wa mtaani, akamwambia: "Swichi ya sebuleni ni hii hapa, na taa naitaka nje ya ukuta huu huu. Toboa, unganisha." Kazi huonekana ya nusu saa. Mimi si fundi umeme, kazi yangu ni kuuliza maswali, na wiki hii nataka tuulize swali moja ambalo wengi wetu hatuulizi.

Taa yoyote inahitaji nyaya mbili ili iwake. Wa kwanza ni waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu. Wa pili ni waya wa kurudi, yaani nyutro. Upo na wa tatu, wa ethi, unaokwenda ardhini. Huo haupaswi kubeba umeme siku za kawaida; kazi yake ni kutulinda siku ya hitilafu. Swichi nayo hufunga na kufungua njia ya waya wa moto, basi.

Sasa, katika nyumba zetu nyingi nyaya hupita darini hadi kwenye taa. Kutoka pale huteremshwa nyaya mbili hadi kwenye swichi: mmoja unashusha moto, mwingine unaupandisha kwenye taa. Kwa hiyo ukiifungua swichi utakuta nyaya mbili, lakini zote ni za upande wa moto. Nyutro imebaki juu darini. Hata rangi hudanganya. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Nyumba mpya zina kahawia na bluu. Lakini ndani ya swichi, ule mweusi au wa bluu nao hubeba moto mara taa inapowashwa.

Kijana wetu afanyeje? Akiifunga taa kwenye nyaya hizo mbili, anapata kichekesho: ukiwasha swichi taa ya nje inazimika, ukizima taa zote mbili zinagawana umeme na kufifia. Akikwama hapo, hukimbilia waya wa ethi na kuufanya nyutro. Taa inawaka vizuri, mwenye nyumba anafurahi, analipa na soda juu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Waya wa ethi umefungwa kwenye bati la jokofu, la pasi, la jiko na la taa yenyewe. Siku waya huo utakapolegea au kukatika kule ardhini, moto utapita kwenye balbu na kusambaa kwenye mabati hayo yote. Umeme wetu ni wa volti 230. Mama anayeanika nguo kwenye kamba ya waya iliyofungwa kwenye chuma cha taa, tena amesimama pekupeku kwenye udongo uliolowa, hana pa kuponea. Wengine huazima nyutro ya njia nyingine ya umeme. Nayo ni mbaya, kwani fundi wa kesho atazima njia moja, ataamini pako salama, kumbe nyutro aliyoishika inabeba mzigo wa njia ya pili.

Njia sahihi si ngumu. Fundi apande darini, kwenye taa iliyopo, maana pale zipo zote tatu: moto uliopita kwenye swichi, nyutro na ethi. Kutoka hapo avute nyaya za milimita 1.5 za mraba, ndani ya paipu, hadi nje. Taa mbili zitawaka pamoja. Ukitaka kila moja iwake peke yake, swichi ibadilishwe, iwekwe yenye vitufe viwili. Moto ule ule uvigawie vitufe vyote, na waya mpya upande darini kutoka kitufe cha pili. Nyutro itatoka juu kama kawaida.

Kabla ya kugusa chochote, izimwe meni swichi, si swichi ya ukutani. Tesita ijaribiwe kwanza penye umeme, ndipo iaminiwe pasipo na umeme. Taa yenyewe iwe ya nje kweli, yenye alama ya IP44 au zaidi, na waya uingie kwa chini ili mvua isiufuate ndani.

Na gharama? Balbu ya LED ya wati 10 ikiwaka saa 12 kila usiku hutumia uniti 3.6 kwa siku 30. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia uniti 21.6. Hesabu ya LUKU fanya mwenyewe.

Kwa hapa Tanzania, EWURA hutoa leseni kwa mafundi umeme. Usione haya kumwomba fundi akuonyeshe yake. Naye akimaliza, kabla hujatoa pesa mfukoni, muulize: "Fundi, nyutro umeitoa wapi?" Akijibu "darini, kwenye taa," mlipe. Akijibu "kwenye ethi," mwambie aifungue kazi yake hapo hapo, kabla watoto hawajatoka kucheza.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.