Sauti Yako Iko kwa Filta

Wasee wa biti, rada ni hii: sauti yako haiko kwa preseti, iko kwa filta. Preseti kila mtu anayo, hadi yule msee wa keja ya pili. Ukiiacha vile ilikuja, ngoma yako itatoka ka yake.

Anza na Vital. Hiyo sinthi ni ya Matt Tytel, ilitoka 2020, na kuna vashoni ya bure kabisa, hakuna haja ya kujaza laptopu virusi ukisaka kraki. Chagua wimbi la msumeno, gonga noti ya A ya 55 Hz. Hapo ndani 55 haiko solo: kuna 110, 165, 220, zinapanda hivyo hadi maelfu. Ndio maana wimbi likiwa bado rafu linakwaruza maskio.

Sasa washa Filta 1, iweke lo-pasi. Za chini zinapita, za juu zinakatwa, na nobu ya katofu ndio inaamua panga inaanzia wapi. Katofu ikiwa 200 Hz na mteremko wa 24 dB, kitu iko 400 inashuka karibu desibeli 24. Ukitaka ikate pole pole, enda na 12.

Hapa ndio wengi wanaangushanga besi. Ukikata chini sana, kwa nganya yenye mabufa viti zitatingika, lakini kwa simu besi inapotea, juu spika ya simu ni ndogo, 55 Hz imeishinda. Maskio hupata hiyo noti kupitia zile ziko juu yake. Kwa hivyo achia 110, 165 na majirani zao nafasi.

Rezonansi nayo inainua masafa hapo hapo kwa katofu. Kidogo tu, besi inaanza kubonga. Ikizidi, inageuka mluzi.

Utamu wenyewe uko kwa ENV 2, envelopu ya pili ya Vital. Ivute hadi kwa katofu. Ataki sifuri, sasteni sifuri, dikei milisekunde 200 hivi. Kila noti ikigongwa, filta inafunguka alafu inajifunga: waau! Fupisha dikei, inadunda kavu. Refusha, inateleza. Sikiza hizo mbili juu ya kiki yako, utajua gruvu inataka gani.

Na hii si story ya wenye doo. Sinthi ya TB-303 ya Roland, ya mwanzo wa miaka ya 80, iliundwa ishike kazi ya mpiga gitaa la besi. Soko ikaikataa, ikaanza kuuzwa mtumba bei ya kutupa. Vijana wa Chicago, Phuture, wakaipata. Wakazungusha katofu na rezonansi biti ikienda, na 1987 wakaachilia "Acid Tracks". Asidi hausi ikashika dunia kupitia nobu mbili tatu.

Manze, kabla ushushe plagini ingine, chukua wimbi moja na filta moja, kaa nazo hadi uzijue kila kona. Rekodi mkono wako ukizungusha katofu ngoma nzima: vesi ikifungwa, korasi ikifunguka. Mbogi ikiskia hiyo biti, ijue ni yako kabla hata msanii aingie.