Mashine ya Ozoni na Chumba cha Papa Mkavu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Lugha yetu haikukosa maneno ya harufu mbaya. Samaki ana shombo, mtu asiyeoga ana kikwapa, na nguo iliyokunjwa mbichi ina uvundo. Lakini kwa harufu ya chumba cha uani cha mjomba wangu huko Tanga sikupata neno moja lililotosha. Nataka kueleza habari za harufu ile, na za mashine iliyonunuliwa ili kuiondoa, kwa sababu mimi ndiye niliyempa mjomba shauri baya, wala sipendi mwenzangu ye yote alirudie.

Chumba kile alikipanga mfanyabiashara wa papa mkavu kwa muda wa miaka mitatu, akikitumia kuwa ghala ya magunia yake. Alipohama alilipa deni lake lote, akatuachia harufu. Wapangaji wanne walikuja mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alifungua mlango, akarudi nyuma hatua moja, akasema atafikiri. Hapana hata mmoja aliyerudi. Jambo hili lilinihusu mimi hasa, maana kodi ya chumba kile ndiyo inayotoa nauli yangu ya kuja shuleni, pamoja na sabuni na madaftari.

Kwanza yafaa tujue harufu ni nini. Harufu si kivuli wala pepo. Ni vipande vidogo mno vya kitu chenyewe, yaani molekuli, vinavyotoka katika kitu na kuruka hewani mpaka puani mwetu. Ukisikia shombo, basi ujue umevuta kitu kidogo kilichotoka kwa samaki. Na papa si kama changu au kibua. Nyama yake ina urea nyingi, ambayo humsaidia kuishi katika maji ya chumvi. Akifa, bakteria huigeuza urea ile kuwa amonia, na kitu kingine kilichomo mwilini mwake hugeuzwa kuwa trimethilamini, ambayo ndiyo mama wa shombo lote. Maji ya magunia yale yaliingia katika sakafu ya saruji na katika mbao za rafu, yakakauka humo pamoja na chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo kila mvua iliponyesha chumba kilianza upya kama kwamba papa ameletwa jana.

Bibi ndiye aliyeanza vita. Alifukiza udi kwa siku tatu, chetezo kikazungushwa kila pembe. Udi wa bibi ni mzuri, nami sitaki kuusema vibaya, lakini udi hauondoi molekuli hata moja ya shombo. Huongeza zake juu ya zile. Siku ya nne chumba kilinuka papa aliyekwenda arusini.

Kisha mjomba akapaka chokaa kuta zote, na sakafu akaimwagia maji ya chokaa. Ajabu ni kwamba siku ile harufu ilizidi hata tukatokwa na machozi. Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Kemia, naye badala ya kunijibu akaniuliza, "Katika maabara twatengenezaje amonia?" Nikaona haya. Twachanganya chumvi ya amonia na chokaa! Mjomba alikuwa amefanya jaribio la kitabu chetu, ila yeye alitumia chumba kizima badala ya neli ya kioo.

Basi ndipo ilipokuja mashine. Shemeji yake mjomba aendaye Dubai aliileta. Ni sanduku dogo kama redio, lenye feni nyuma na vibamba vya kauri mbele, nalo limeandikwa kuwa latoa gramu 10 za ozoni kwa saa. Mjomba akaniita.

"Mpwa wangu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Hii ozoni ni kitu gani?"

Nikajibu upesi, kama mtu aulizwaye jina lake, "Ni oksijeni tu, mjomba, ila imezidi kidogo. Hata angani ipo, yatukinga na jua kali."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyotuponza.

Oksijeni tuivutayo ina atomu mbili zilizoshikana. Ozoni ina atomu tatu. Mtu wa kwanza kuitambua kuwa ni kitu mbali alikuwa Mjerumani, Christian Friedrich Schönbein, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Basel, nchi ya Uswisi. Mwaka 1839 alipokuwa akipitisha umeme katika maji alisikia harufu kali, nayo akaipa jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kunuka. Kwa hiyo mashine iondoayo harufu hutumia hewa ambayo jina lake lenyewe ni harufu. Mwaka 1857 Werner von Siemens, Mjerumani pia, alitengeneza chombo cha kuifanyiza: umeme wenye volti maelfu hupita mahali pembamba penye hewa, kati ya vipande viwili vilivyotengwa na kioo. Nguvu ile huvunja molekuli za oksijeni, na atomu zilizobaki peke yake hujishikiza kwa nyingine zikawa tatu tatu. Sanduku la mjomba hufanya kazi namna iyo hiyo, isipokuwa limetumia kauri badala ya kioo.

Atomu ile ya tatu haikai kwa amani. Yatafuta kitu cha kushikamana nacho, na ikikutana na molekuli ya harufu huipiga na kuivunja, ikawa kitu kingine ambacho mara nyingi hakinuki. Hii si hadithi ya wauzaji. Ni kweli tupu. Mji wa Nice huko Ufaransa ulianza kusafisha maji yake ya kunywa kwa ozoni mwaka 1906, na mpaka leo miji mingi hutumia njia hiyo. Lakini ozoni haina macho. Haijui hii ni shombo na hili ni pafu la mtoto. Huvunja harufu, hupasua raba mpaka mipira ya baiskeli ikawa na nyufa, hufifiza rangi za nguo, na ikiingia kifuani huunguza ngozi laini iliyo ndani ya njia za pumzi.

Wengine watauliza, kama nilivyojiuliza mimi: mbona katika Jiografia twafundishwa kuilinda ozoni, na mataifa yalifanya Mkataba wa Montreal mwaka 1987 kwa ajili yake? Jibu ni mahali. Ozoni ile i juu, kilometa 15 hadi 35 hivi, ambako hapana mtu avutaye pumzi. Kule ni paa la nyumba. Nani hupenda paa limwangukie chumbani?

Sasa tufanye hesabu, ambayo ningeifanya siku ile kama ningekuwa mwanafunzi wa kweli na si msomi wa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba hewa tunayoivuta kwa saa 8 isizidi mikrogramu 100 za ozoni katika kila meta moja ya ujazo. Chumba cha mjomba kina urefu wa meta 4, upana wa meta 3, na kimo cha meta 2.5, yaani meta za ujazo 30. Basi chumba kizima kisizidi miligramu 3. Mashine hutoa gramu 10 kwa saa. Gawanya kwa sekunde 3,600, utapata karibu miligramu 2.8 kila sekunde. Maana yake, ikiwa maandishi ya sanduku ni ya kweli, mashine hukijaza chumba kupita kiasi cha usalama kwa muda wa sekunde moja na kitu. Kijitabu chake kilisema iachwe saa mbili.

Ni kweli kwamba ozoni huvunjika yenyewe, tena hupotea ikigusa kuta na nguo, kwa hiyo haiwezi kujilimbikiza yote. Lakini hata ikibaki sehemu moja tu katika mia ya ile itolewayo kwa saa moja, bado ni zaidi ya mara thelathini ya kiasi kile.

Mjomba aliiwasha baada ya magharibi, akafunga mlango na kuziba uwazi wa chini kwa kitambaa. Twaliona tumekuwa waangalifu sana. Hakuna aliyetazama juu. Nyumba ile, kama nyumba nyingi za kwetu, kuta zake za ndani hazifiki kwenye bati. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha tatu husema pole. Na chumba cha pili kilikuwa cha mdogo wangu, mtoto wa mjomba, mwenye miaka tisa na mwenye pumu.

Yapata saa tatu usiku bibi alisema asikia harufu kama ya mahali palipopigwa na radi. Mimi nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba mashine yafanya kazi. Kisha tukasikia kikohozi, kikohozi kisichokoma, na tulipoingia mtoto alikuwa ameketi ameshika magoti, kifua kikilia kama filimbi, na midomo haina rangi yake. Mjomba alimbeba mpaka nje. Dawa yake ya kuvuta ilimsaidia kidogo tu. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, akawekewa kinyago cha dawa mpaka alfajiri. Muuguzi alituuliza, "Mlikuwa mkifukiza nini?" Mjomba akanitazama mimi, nami sikuweza kujibu.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Asubuhi ile chumba kilikuwa kimya, hakinuki papa hata kidogo. Siku ya nne shombo likarudi.

Kurudi kwake si ajabu ukifahamu mambo yalivyo. Ozoni huvunja kile kilicho hewani na juu ya uso wa vitu. Haiingii ndani ya saruji, wala katikati ya ubao uliolowa kwa miaka mitatu, na amonia huishughulikia polepole mno. Ilikuwa kama kufuta maji ya sakafuni na bomba li wazi. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani limeandika wazi kwamba ozoni ikiwa kidogo kiasi cha kutodhuru watu haina nguvu ya maana ya kusafisha hewa ya nyumba. Nalo jimbo la California lilitunga kanuni, iliyoanza kuwabana wauzaji mwaka 2010, kwamba vifaa vya kusafisha hewa ya nyumbani visitoe ozoni kupita kiasi kidogo kilichowekwa. Basi aambiwaye kwamba awashe mashine kama hii huku amekaa sebuleni na watoto wake, ajue adanganywa: ama haifanyi kitu, ama yamdhuru.

Tulilofanya baadaye halikuwa la ajabu. Rafu zote ziling'olewa zikachomwa mbali na nyumba. Sakafu na kuta tulizikwangua, tukaziosha kwa siki iliyochanganywa na maji, maana asidi huishika amonia na trimethilamini zikawa chumvi zisizoruka. Ndiyo sababu mama zetu humwosha samaki kwa ndimu, nao hawakungoja Kemia. Kisha tukasuuza kwa maji mengi mara tatu ili chumvi zile zitoke kabisa, kusudi chokaa isije ikazifungua tena. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe hatukuitia, wala msiitie penye amonia, kwa kuwa hutoa mvuke wa sumu. Tuliacha mlango na dirisha wazi siku tisa za jua. Baada ya hapo ndipo chokaa ikapakwa.

Mashine je? Mjomba alitaka kuitupa, mimi nikamwomba asiitupe. Inayo kazi yake: chumba kilichokwisha kusafishwa na kukauka, ambamo moshi wa sigara au ukungu umebaki kidogo juu ya kuta. Lakini nyumba nzima iwe tupu, si chumba kile tu. Watu, kuku, paka na mimea vitoke. Sabuni zenye manukato ya limau au msonobari zisiwepo, maana ozoni ikikutana nazo hutoa fomaldehaidi. Izimwe kwa swichi iliyo nje, au kwa saa yake yenyewe, asiingie mtu kwenda kuizima. Kisha madirisha yafunguliwe, na watu wangoje saa kadhaa. Pua isitumiwe kuwa kipimo, kwa kuwa pua huzoea upesi. Tena isidhaniwe kwamba yaweza kuondoa hewa ya sumu ya jiko la mkaa. Haiwezi.

Hayo niliyaandika kwenye karatasi kwa Kiswahili, nikaibandika juu ya sanduku, kwa kuwa kijitabu chake kilikuwa cha Kichina na Kiingereza kibovu. Mjomba aliisoma mpaka mwisho, akasema, "Ungaliandika hii kwanza." Nikasema, "Ndiyo, mjomba."

Mpangaji mpya ni fundi cherehani. Siku aliyokuja kukitazama chumba alisimama mlangoni akavuta pumzi kwa muda mrefu, nasi sote, hata bibi, tukawa twamtazama pua. "Chokaa," akasema, akatoa kodi ya miezi mitatu.