Je, Wajua? Boti Ndogo Iliyoitwa Adak

Je, wajua kwamba Septemba 11, 2001, maghorofa pacha ya New York yalipoporomoka, watu wapatao 500,000 waliondoshwa Manhattan kwa njia ya maji, kwa takriban saa 9 tu? Walinzi wa Pwani wa Marekani waliita kwenye redio kila chombo kilichokuwa karibu. Vikaja vivuko, matagi, boti za watalii na za wavuvi. Moshi ulikuwa umetanda, magati yamejaa watu waliogubikwa na vumbi, na vyombo vile vyote vilihitaji wa kuvipanga. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni mabaharia wa Adak, boti ya doria yenye urefu wa mita 33 tu, kutoka Sandy Hook, New Jersey.

Jina je? Adak ni kisiwa cha Alaska. Boti zote 49 za aina yake, zilizoundwa Louisiana, zilipewa majina ya visiwa.

Wajua ilifikaje Ghuba ya Uajemi? Mwaka 2003 ilibebwa na meli ya mizigo hadi Bahrain. Machi, vita vya Iraq vilipoanza, iliwaopoa baharini Wairaki 3 ambao boti yao ilikuwa imelipuliwa na ndege ya Marekani. Hao ndio mateka wa kwanza wa vita hivyo kukamatwa majini.

Ilikuwa na bahati pia. Boti 8 za aina hiyo zilirefushwa kwa mita 4 hivi ili zibebe boti ndogo shetri. Bodi zikashindwa kuhimili mawimbi, na Novemba 2006 zote 8 zikaondolewa kazini. Adak haikuguswa.

Na je, wajua kisa cha Monomoy, mwenzake wa Ghuba? Januari 2012, Iran na Marekani zikitunishiana misuli, saa 9 usiku mabaharia wake waliona fataki na mwanga wa tochi. Lilikuwa jahazi la Iran, maji yamejaa chumba cha injini. Waliwaokoa watu wote 6, wakawapa mablanketi na chakula cha halali. Kwangu mimi, doria ina maana hasa usiku kama huo.

Adak iliagwa Bahrain Juni 2021, baada ya miaka 32 ya utumishi, 18 kati yake Ghuba. Waliowahi kuitumikia waliomba irudishwe Marekani iwe makumbusho. Kwa kazi ya Septemba 11 peke yake, ombi lao lilikuwa la haki.