Jaji Hupatikana Kabla ya Novemba

Geuza karatasi ya kura ya Minnesota, shuka hadi chini kabisa, ukishapita wabunge na bodi ya shule, utakuta majina ya majaji. Mengi hayana mpinzani, na chini ya jina pameandikwa kwamba huyu ndiye aliyeko madarakani. Wengi wetu tunaopiga kura Brooklyn Park, Rochester au Saint Paul huiacha sehemu hiyo tupu, na kila mwaka wa uchaguzi viongozi wa jumuiya hutukemea kwa hilo. Si vibaya kukemewa, ila nadhani wanatuelekeza kwenye mlango usio wenyewe. Katiba ya jimbo inasema majaji huchaguliwa na wananchi kwa muhula wa miaka sita. Kwa vitendo, wengi wao huingia kwa kuteuliwa na gavana, halafu kura huja kubariki jambo lililokwisha. Jumuiya inayomngoja jaji mwezi wa Novemba imechelewa.

Njia hiyo imo ndani ya katiba yenyewe. Jaji akistaafu, akifariki au akipandishwa mahakama ya juu kabla ya muhula wake kwisha, gavana ndiye anayeijaza nafasi. Majaji wa Minnesota hulazimika kustaafu wakifika umri wa miaka 70, na wengine huamua kuondoka mapema, katikati ya muhula. Nafasi ikiwa ya mahakama ya wilaya, yaani ile inayosikiliza kesi kwa mara ya kwanza, Tume ya Uteuzi wa Majaji huitangaza, hupokea maombi, huwahoji waombaji, kisha hupeleka kwa gavana majina yasiyopungua matatu wala kuzidi matano. Ndani ya tume hiyo wamo mawakili na watu wasio mawakili, na baadhi yao hutoka katika wilaya ile ile ya mahakama inayotafuta jaji. Baada ya hapo huja kifungu ambacho wachache hukisoma: aliyeteuliwa hukaa hadi uchaguzi mkuu utakaofanyika zaidi ya mwaka mmoja baada ya uteuzi wake. Aliyeteuliwa Desemba 2025, kwa mfano, hagusi karatasi ya kura mwaka 2026, maana mwaka haujatimia. Anakutana na mpiga kura Novemba 2028, akiwa ameshakaa kwenye kiti karibu miaka mitatu, na karatasi yenyewe inamtambulisha kuwa ni mwenye kiti. Jaji wa namna hiyo kushindwa ni nadra sana.

Uzito wa hatua hiyo ya uteuzi unaonekana zaidi ukiuliza jaji anasomea wapi kazi yake. Katiba inadai awe mjuzi wa sheria, maneno ambayo yamechukuliwa kumaanisha wakili mwenye leseni, na awe mkazi wa wilaya yake. Miaka ya uzoefu haikutajwa. Kenya humtaka jaji wa Mahakama Kuu awe na miaka isiyopungua 10 katika sheria, na California huweka kiwango hicho hicho cha miaka 10 kwa wanachama wa chama chake cha mawakili. Wafaransa huenda mbali zaidi: tangu 1958 wana shule ya majaji, makao yake Bordeaux, ambamo kijana aliyefaulu mtihani wa kuingia hufundwa kwa miezi 31 kabla ya kukabidhiwa kesi. Tanzania nayo ina chuo chake cha mahakama kule Lushoto. Hapa hakuna shule ya kumtangulia jaji. Wakili anaweza kumaliza wiki akimtetea mteja, na wiki inayofuata akaitwa Mheshimiwa. Mafunzo yapo, tusiyadharau: jaji mpya hupewa utangulizi wa kazi, wengine huenda kwenye chuo cha kitaifa cha majaji kilichoko Reno, Nevada, kilichoanzishwa 1963, na kila jaji wa Minnesota hutakiwa kupata saa 45 za masomo katika kila miaka mitatu. Ila yote hayo huja baada ya kiapo. Watetezi wa utaratibu huu husema miaka 20 mahakamani ni shule tosha, na nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Lakini basi ni lazima tuulize ni shule gani. Aliyekuwa akiwatetea wasio na uwezo wa kulipa wakili, aliyekuwa mwendesha mashtaka na aliyekuwa akiandika mikataba ya kampuni hawakusoma kitabu kimoja, na tume ndiyo inayopima vitabu hivyo.

Kwetu sisi wahamiaji tofauti hiyo huonekana mahali ambapo wengi hawapatazamii. Jaji wa uhamiaji si jaji wa jimbo. Huyo ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria ya serikali kuu, na hakuna mpigakura wala gavana anayemgusa. Jaji wa jimbo ndiye wa talaka, malezi ya watoto, kufukuzwa nyumba, kuendesha gari umelewa, wizi wa dukani na ugomvi wa nyumbani. Hata hivyo, uamuzi wake huweza kukufuata hadi kwa yule wa uhamiaji. Chukua siku moja tu. Sheria ya uhamiaji huuhesabu wizi, au kosa la kutumia nguvu, kuwa kosa zito linaloweza kumfukuzisha mtu nchini iwapo adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja au zaidi, hata kama kifungo chenyewe kimeahirishwa na mtu hakulala jela usiku mmoja. Kwa miaka mingi kiwango cha juu cha makosa ya daraja la kati Minnesota kilikuwa siku 365. Jaji aliyeandika 365 na aliyeandika 364, akili zao zikiwa kwenye kosa lile lile, walimwacha mwenye grinikadi katika hali mbili zilizo mbali kabisa. Mwaka 2023 bunge la jimbo lilikishusha kiwango hicho kuwa siku 364. Lilifanya vyema, ila makosa makubwa hayakuguswa, na huko bado jaji anayejua uzito wa siku moja si sawa na asiyeujua. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla iliyotoka Kentucky, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa wakili lazima amweleze mteja asiye raia hatari ya kukiri kosa. Uamuzi ule ulimbana wakili. Jaji atakayeweka mkazo kwamba mshtakiwa ameelewa, na kwamba mkalimani wa Kiswahili ametafsiri kweli wala hakufupisha, bado ni suala la nani yuko kitini.

Wapo watakaosema dawa ni kuufanya uchaguzi uwe uchaguzi wa kweli, wenye wapinzani na kampeni. Mwaka 2002, katika kesi iliyoanzia hapa hapa Minnesota, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mgombea ujaji ana haki ya kutangaza msimamo wake juu ya masuala ya sheria yanayobishaniwa, kwa hiyo mlango huo uko wazi. Sioni kama tungependa kilichoko nyuma yake. Majirani zetu wa Wisconsin walishuhudia mwaka 2025 kiti kimoja cha mahakama yao ya juu kikigharimu takriban dola milioni 100 za kampeni. Texas huchagua majaji wake kwa tiketi ya chama, na jaji mzuri huweza kusombwa na wimbi la chama chake likigeuka. West Virginia ilitoa mfano mchungu zaidi: mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe alitumia dola milioni 3 kumsaidia mgombea, naye mgombea yule, alipokwisha kuwa jaji, akapiga kura kufuta hukumu ya dola milioni 50 dhidi ya kampuni hiyo. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2009 kwamba alipaswa kujitoa kwenye kesi, na hata hapo majaji wanne kati ya tisa walipinga.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba uteuzi hupendelea wenye kujuana. Wakenya wanalijua hili vizuri: mwaka 2019 tume yao ya mahakama ilipendekeza majaji 41, rais akakaa na orodha hadi 2021, akateua 34, na sita kati ya waliobaki waliapishwa tu baada ya rais mwingine kuingia Septemba 2022. Lakini hebu tutazame kwa nini tunalijua. Usaili ulifanywa hadharani, majina yalichapishwa, mwananchi alialikwa kupeleka maoni, kwa hiyo ukimya wa Ikulu ulikuwa na majina na ukapelekwa mahakamani. Upendeleo hustawi pale ambapo hakuna anayetazama, na sisi tuliokuwa tukifuatilia usaili wa Jaji Mkuu kwenye televisheni kule nyumbani, tukibishana nao kama mpira, hapa hatuulizi hata kama kaunti yetu ina nafasi wazi. Ofisi ya gavana hutangaza nafasi hizo, na tume ikimaliza kazi hutangaza majina ya waliofika mwisho kabla mmoja wao hajateuliwa.

Basi tuiandikie tume juu ya waombaji. Je, huko si kuingilia uhuru wa mahakama? Ingekuwa hivyo kama tungezungumzia kesi, au kama tungemfuata jaji mwenye shauri la mtu wetu, jambo lisiloruhusiwa kabisa. Kumweleza mjumbe kwamba mwombaji fulani aliwahi kuwawakilisha wapangaji wa mtaa wetu kwa uangalifu, au kwamba humkatiza mkalimani kila sentensi, ni ushahidi juu ya mtu anayeomba kazi ya umma. Wala si lazima uwe raia. Asiye raia akipiga kura anavunja sheria na anaweza kufukuzwa nchini, lakini barua kwa tume si kura. Barua nzuri ni fupi: inataja nafasi, jina la mwombaji, alichokifanya, lini na mahali gani, na imetumwa kabla ya tarehe ya usaili.