Umeacha Chapo, Mbona Tumbo Bado Linafura?

Umeachana na chapo, mandazi na mkate. Siku hizi ni uji wa wimbi na biskuti za bei kali zilizoandikwa "hazina gluteni". Lakini tumbo bado linafura. Shida iko wapi?

Anza na mashine ya kusaga. Wimbi halina gluteni, lakini likisagwa pale ngano imetoka kusagwa, unga wako unabeba mabaki. Hata hizo biskuti, kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu hadi miligramu 20 za gluteni kwa kilo.

Ama pengine gluteni inasingiziwa tu. Maziwa ya chai yana laktosi, sukari ambayo watu wazima wengi hawaimeng'enyi vizuri. Vitunguu na maharagwe nayo huleta gesi.

Basi fanya hivi, msee. Wiki mbili, andika kila unachokula na vile tumbo linajibu. Kisha toa kitu kimoja, si vyote kwa mpigo. Ukipata nafuu, kirudishe uone.

Na umwone daktari. Mwambie umeacha ngano, kwa sababu kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki kinahitaji uwe unaila. La sivyo, majibu yanaweza kukuhadaa.