Kuanguka mtihani wa uwakili jimbo moja si mwisho wa safari

MWAKA wa 1973, Hillary Rodham, aliyekuwa amehitimu masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Yale, alifanya mitihani miwili ya uwakili nchini Marekani: mmoja wa jiji la Washington na mwingine wa jimbo la Arkansas. Wa Washington ulimshinda, wa Arkansas akaufaulu. Mwaka uliofuata alihamia Arkansas kufundisha sheria. Siri ya kuanguka kwake aliitoboa mwaka wa 2003 katika kitabu cha maisha yake, akiwa Seneta anayejulikana kote duniani kama Hillary Clinton.

Hayo yaliwezekana kwa sababu Marekani haina leseni moja ya uwakili kwa taifa zima. Kila jimbo huamua ni nani atakayesimama mbele ya mahakama zake.

Hata hivyo, majimbo mengi yamekuwa yakitumia mtihani wa pamoja, maarufu kwa kifupi kama UBE, unaofanywa kwa siku mbili kila Februari na Julai. Una alama 400. Maswali 200 ya kuchagua jibu hubeba nusu ya alama hizo, insha sita asilimia 30, na kazi mbili za kuandaa nyaraka za kisheria asilimia 20.

Karatasi ni zile zile, lakini kiwango cha kufaulu hutofautiana. New York hudai alama 266, Alabama 260, nayo Texas iliweka 270 ilipojiunga na mpango huo mwaka wa 2021. Mtahiniwa aliyepata 262 ameanguka New York, ilhali alama hizo zapita kiwango cha Alabama. Anaweza kuzihamisha bila kurudia mtihani, mradi hazijapitwa na wakati na ametimiza masharti mengine ya huko.

Sharti zito kwa Mkenya ni digrii. New York huwafungulia mlango baadhi ya waliosomea sheria katika nchi zinazofuata mfumo wa Uingereza, baada ya vyeti vyao kukaguliwa. Majimbo mengi hutaka digrii ya chuo cha Marekani. Kuhama kabla ya kuuliza kwaweza kumpotezea mtu miaka na akiba yake.

Kuna pia majimbo yenye mitihani ya kipekee. Louisiana, ambayo sheria zake za kiraia zina asili ya Ufaransa na Uhispania, ni mfano mmoja. Anayekwenda huko huanza upya. Isitoshe, UBE imepangwa kukoma baada ya Februari 2028, na mtihani mpya kuchukua nafasi yake kuanzia Julai 2026 katika majimbo ya kwanza. Ni muhimu kujua jimbo linatumia upi.

Anayelazimika kurudia aanze na hati ya matokeo, si vitabu vipya. Aliyepungukiwa katika insha hatasaidiwa na kukariri tena madaftari yale yale. Anahitaji kuandika majibu kamili kwa muda uliowekwa, kisha ayalinganishe na majibu ya mfano.

Asifiche alikoanguka. Fomu za maombi huuliza, na waombaji huchunguzwa uadilifu. Kuanguka mtihani hakumzuii mtu kuwa wakili. Kudanganya kwaweza kumzuia.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, bora mhunzi ajue ni wapi lilipovunjikia.